Maswali Yenu ya Nyumba: Rangi Haikaushi Ukuta

Masika ikishakolea tu, na Aprili ndo kilele chenyewe, barua zenu zinageuka zote kuwa za kuta. Safari hii tumechagua tano. Moja ni ndefu na tumeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba mambo ambayo wengine chungu nzima mmeyauliza, zilobaki tutakwenda nazo mbio mbio kidogo. Yupo na mwenye nyumba mmoja kutoka Pemba kaandika, karibu sana bwana, maana siku zote wanaolia ukurasa huu ni wapangaji watupu.

Swali: Ati kosa langu mie kuanika nguo ndani?

Asalam aleikum fundi wetu. Mie nakaa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, chumba na ukumbi cha chini kwenye nyumba ya zamani ya mawe. Nimehamia mfungo mosi mwaka jana, nyumba inang'ara, wametia lipu mpya ya saruji na rangi ya mafuta mpaka nusu ya ukuta nikasema alhamdulillahi nimepata. Sasa huko chini kote rangi inafanya malengelenge, ukiigusa inamwagika unga mweupe, na juu nyuma ya kabati kuna madoa meusi yananuka, na mwanangu wa miaka mitatu anakohoa usiku haishi. Mwenye nyumba nikimpigia anasema nyie wapangaji mnaanika nguo ndani mnapika ndani ndo maana, nunua rangi upake. Nshalipa kodi ya miezi sita. Hivi kosa ni langu kweli? Na nikizuia kodi inayofuata ntakuwa nimefanya vibaya?
*Mpangaji, Mkunazini*

Jibu: Waalaikum salaam dada yangu, na pole na mtoto. Hapo una maji ya aina mbili, sio moja, na mwenye nyumba wako kakamata lile dogo ndo anakupigia nalo.

Madoa meusi ya juu nyuma ya kabati, hayo ni kuvu na kweli yanatokana na hewa ya ndani. Watu wakilala, wakipika, wakioga, wakianika nguo chumbani, mvuke unapanda na unakwenda kukaa kwenye ukuta uliopoa usiopitiwa na upepo, na nyuma ya kabati lilogandana na ukuta ndo pahala pake hasa. Kwa hilo kabati livute mbele japo shubiri moja, madirisha ya pande mbili yafunguliwe asubuhi upepo upite, ukipika mlango wa chumbani uwe umefungwa, nguo zitoke nje kukipata jua hata la saa moja. Hapo na wewe una kazi yako, sikufichi.

Lakini huko chini, rangi inayovimba na unga mweupe, hakuna nguo duniani inayofanya hivyo. Ule unga ni chumvi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, kuta nene nusu mita na zaidi, na hazina nailoni ya kuzuia maji kwenye msingi kama wanavyotia siku hizi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta kidogo kidogo, mara nyingi mpaka kiasi cha mita moja. Wazee walilijua hilo ndo wakapiga lipu ya chokaa na juu yake wakapaka chokaa, maji yakipanda yanatokea kwenye lipu yanakwenda zake na upepo basi. Sasa akija fundi wa leo akapiga saruji, na juu ya saruji rangi ya mafuta, ule ukuta kauziba pumzi. Maji hayana pa kutokea, yanazidi kupanda kutafuta njia, chumvi inajikusanya nyuma ya rangi, inaganda, inaisukuma nje. Nyumba inapendeza miezi ya mwanzo tu, ile ya kumkamatia mpangaji.

Na chumvi ikishakaa ukutani inaleta balaa la pili. Si unaona chumvi ya kwenye kikopo jikoni inavyolowa yenyewe wakati wa masika bila ya mtu kuitia tone la maji? Ukuta wenye chumvi unafanya vile vile. Chumvi ya kula inaanza kunywa maji ya hewani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, na kwetu sie tulozungukwa na bahari kufika hapo sio kazi kubwa. Ndo maana utakuta ukuta umerowa hata siku isonyesha, mtu anatafuta bomba lililopasuka mpaka anachoka na bomba halina neno.

Kama mwenye nyumba anabisha, mfanyie jaribio mbele yake. Chukua nailoni gumu au ile foili ya kufunikia chakula, kipande cha ukubwa wa sahani, bandika ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, uache mchana na usiku wake. Mkibandua mkakuta umande upande wa chumbani, maji ni ya hewani, nguo zako na masufuria yako. Mkikuta umande nyuma, upande wa ukutani, basi maji yanatoka kwenye ukuta wake na wewe huna kosa. Fanya pahala pawili, chini na juu, kwako wewe nadhani majibu yatakuja mbali mbali.

Dawa ya huko chini ni kuibandua ile saruji yote, ipite na kama nusu mita juu ya mstari wa maji, chumvi ipigwe burashi kavu (usiioshe kwa maji, ukiiosha unairejesha ndani), ukuta uachwe ukauke, na kukauka hapo usitegemee wiki, ukuta mnene unataka miezi, bora mwanzo wa kaskazi kuliko sasa hivi. Baadae lipu ya chokaa na kupakwa chokaa. Chokaa ina faida nyengine, ni kali, kuvu haipendi kuota juu yake, ila kwa ukali huo huo fundi avae glavu na aangalie macho. Halafu nje waangalie mlizamu wa juu unamwaga wapi, nyumba ngapi mjini maji ya paa yanashuka moja kwa moja kwenye mguu wa ukuta halafu watu wanalaumu msingi. Na mwambie mwenye nyumba asije akaanza kubomoa lipu kienyeji, Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya kuuhifadhi tangu 1985, na tangu 2000 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kazi za ukarabati zinataka kibali. Faida yake ni kwamba kule wapo watu wanaozijua hizi kuta, watamwambia hilo hilo nnalokwambia mie kuhusu saruji.

Jengine, inua macho juu. Zile boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta, na ukuta ukikaa maji kichwa cha boriti kinaoza ndani kwa ndani hukioni. Ukiona dari imelegea upande mmoja, au udongo unamwagika pembeni ya boriti, au kuna ufa mpya, hapo usisubiri mazungumzo ya kodi, hama chumba hicho siku hiyo hiyo na mwite sheha, kiongozi wa mtaa wenu, aje aone. Sote tuliona Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la kale la Mji Mkongwe, sehemu yake ilivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na lile ni jengo linalotazamwa na dunia nzima.

Sasa mtoto. Mpeleke hospitali na umwambie daktari kwamba chumbani mna kuvu, wengi wanaficha wanaona aibu wakati hiyo ndo khabari daktari anayoitaka. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo 2009 kwamba kukaa kwenye nyumba yenye unyevu na kuvu kunaongeza maradhi ya kifua na pumu, na watoto ndo wanaoumia zaidi. Kitanda chake kitoe kwenye ukuta ule leo leo. Na hilo la "nunua rangi upake" ntakupa mfano wa mbali kidogo. Kule Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili anaitwa Awaab Ishak alifariki Disemba 2020 na mahkama ya uchunguzi 2022 ikasema kilichomuua ni maradhi ya kifua kwa kukaa muda mrefu kwenye kuvu. Baba yake alilalamika tangu 2017 akaambiwa apake rangi juu yake, na familia ikalaumiwa ati kuvu inatokana na maisha yao wenyewe. Sasa wana sheria yenye jina la yule mtoto, imeanza kazi Oktoba 2025, mwenye nyumba wa nyumba za jamii akipewa taarifa ya kuvu ya hatari anapewa muda maalumu wa kuja kukagua na kutengeneza. Sheria ni yao huko, haikusaidii Mkunazini, lakini mtu akikwambia kuvu ni uchafu wa macho tu unajua la kumjibu.

Kodi usiizuie kimya kimya. Ukizuia bila ya maandishi kesi inageuka, anakuwa yeye ndo anakudai wewe, na ukuta wake unasahauliwa. Fanya hivi, piga picha za ukuta, za karibu na za mbali, umtumie kwa WhatsApp zikae na tarehe zake, halafu umwandikie barua fupi ya adabu, tatizo lipo wapi, limeanza lini, unaomba nini na kwa muda gani. Kopi moja kwa sheha. Kama mkataba wenu mliufanya kwa sheha basi pale pale ndo pa kuanzia mazungumzo, mara nyingi sheha akikaa baina yenu jambo linakwisha bila ya kugombana. Mkikubaliana kwamba wewe utatengeneza halafu mkate kwenye kodi, iandikwe, bei iandikwe, sahihi zenu zote mbili, na risiti za fundi na vifaa usitupe hata moja. Tena usikubali "kutengeneza" kwa maana ya kupaka rangi, hapo utakuwa umelipa wewe na mwakani unalipa tena. Ikishindikana kabisa, nenda Kituo cha Huduma za Sheria wakusomee mkataba wako, maana mkataba ndo unaosema matengenezo makubwa ni ya nani na wengi wetu tunautia sahihi bila ya kuusoma.

Swali: Jiki na dawa ya choo pamoja, vipi?

Shoga yangu kanambia kuvu ya bafuni inatoka kwa kuchanganya jiki na ile dawa ya choo ya kuchoma, ati pamoja zina nguvu zaidi. Nijaribu?
*Mama wa watoto wanne, Magomeni*

Jibu: Usijaribu, na mwambie shoga yako asirudie! Ile dawa ya choo ni asidi, ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu zenyewe dirisha la kiganja, unaweza kuanguka hapo hapo. Siki na jiki vile vile hazikai pamoja.

Kuvu ya kwenye vigae inatoka kwa maji ya sabuni na burashi, kisha jiki peke yake ilotiwa maji, mlango wazi, glavu mkononi, barakoa usoni, uache kidogo halafu usuuze. Kabla ya kusugua rowesha kwanza, ukiisugua kavu unairusha hewani na unaivuta wewe na wanao. Ukutani penye lipu jiki inatoa rangi nyeusi tu juu juu, mizizi imo ndani, utaona umeshinda na baada ya wiki chache imerudi pale pale. Godoro likishaota kuvu ndani mama usihangaike nalo, litoe nje. Na udi unaficha harufu tu, wala sikukatazi kuufukiza.

Swali: Vigae vimetiwa na maji yamepanda juu yake

Fundi naomba unisaidie, nimepanga Mpendae nyumba ya bloki haina hata miaka mitano. Ukuta wa sebuleni ulikuwa unarowa chini, mwenye nyumba muungwana sana kaja katia vigae mita nzima kuzunguka, mwaka huu unyevu umetokea juu ya vigae! Yeye kachoka na mie namuonea haya kumpigia tena.
*Bwana wa Mpendae*

Jibu: Mpigie tu bwana, tena kwa muungwana kama huyo ndo usione haya, wapo wenye nyumba hawapokei simu tangu mwezi wa pili. Vigae ni ile ile rangi ya mafuta ya kule Mkunazini, vimeziba pa kutokea maji yakapanda yakatokea juu.

Kabla hajatia senti nyengine tokeni nje mkautazame ukuta ule kwa upande wa pili. Naweka dau kuna kifusi. Watu wakikimbia mafuriko wanajaza uwanja kifusi mwaka hadi mwaka, mpaka ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani, na ile nailoni ya msingi kama ilitiwa basi ishazikwa, udongo wenye maji unagusana na bloki juu yake. Fukueni kifusi kando ya ukuta kishuke chini ya sakafu ya ndani kwa shubiri moja hivi au zaidi, tieni mfereji mdogo wenye mteremko wa kutoa maji mbali na nyumba, halafu muache. Kazi ya siku mbili ya chepe na bei yake haifiki robo ya vigae. Ukuta hautakauka masika hii, tazameni mwakani.

Kama nje hakuna kifusi, ulizeni mchanga wa kujengea ulitoka wapi. Mchanga wa pwani ambao haukuoshwa una chumvi yake ndani, na hiyo haina dawa ya haraka.

Swali: Mpangaji kaniwekea karafuu chumbani

Nina nyumba Wete, nimempangisha kijana mmoja mwenye adabu zake. Msimu wa karafuu ulopita kumbe alikuwa anaekea magunia chumba cha nyuma, nimekwenda nimekuta ukuta umepiga kuvu na dari ya plaiwudi imevimba. Nikate dipoziti yake yote?
*Mwenye nyumba, Wete*

Jibu: Yote? Subiri kwanza. Karafuu kavu kwelikweli haziharibu chumba. Zilizoingizwa na unyevu ndo zinafukuta ndani ya gunia, zinatoa joto na mvuke, na mvuke huo unakwenda ukutani na darini. Inaonekana mvua zilimkuta na karafuu bado majamvini akaziingiza kabla ya wakati, na mwenyewe pia kapata hasara maana karafuu za namna hiyo haziuziki bei nzuri, kwa hivyo tayari kashaadhibiwa upande mmoja.

Tazama doa limekaa vipi. Kama kuvu ipo pale magunia yalipoegemea na dari imevimba juu yake tu, hilo ni lake na kuosha na kubadilisha plaiwudi ile alipe, kwa bei ya fundi na risiti, sio kwa bei ya hasira. Lakini kama dari ina alama za maji zenye duara duara, panda juu utazame bati na misumari yake, Pemba inanyeshewa kuliko Unguja na msumari mmoja uliolegea unatosha kuvimbisha plaiwudi chumba kizima. Hapo ni wewe. Inawezekana pia mnachangia nyote wawili, basi mgawane. Na mkataba ujao andika wazi chumba cha nyuma kinawekwa nini, Wete na karafuu mtu utashangaaje?

Swali: Bati limebadilishwa na doa lipo pale pale

Nakaa Fuoni, darini chumbani kuna doa la njano linakua. Mwenye nyumba kashabadilisha bati upande ule lakini doa halikomi, hata wiki ile isonyesha kabisa liliongezeka.
*Kijana wa Fuoni*

Jibu: Umeshajijibu mwenyewe, wiki isonyesha bati halina kosa. Tangi la maji lipo juu ya chumba hicho? Kwa wengi wetu maji yanakuja usiku wa manane, pampu inawashwa mtu analala, tangi linajaa linamwagikia juu ya dari mpaka alfajiri na asubuhi kushakauka hakuna aliyeona kitu. Kaa macho usiku mmoja wa maji upande na tochi. Dawa yake ni boya la kufungia maji tangi likijaa, duka lolote la vifaa vya bomba lipo, na bomba la kumwagia maji ya ziada lipelekwe nje ya ukuta lisiishie juu ya paa. Kama sio tangi, fuata bomba za bafu la juu.

Doa lenyewe usilipake rangi mpaka lipite mwezi bila ya kukua, lizungushie kalamu ya risasi leo ili ujue.